Kusikia Maumivu na Kusikiwa: Lugha ya Mgonjwa wa Siku Nyingi mbele ya Daktari, kwa Mfano wa Ilembo ya Mpanda

Kitenzi sikia katika Kiswahili kina kazi nyingi kuliko ile ya masikio. Mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu, husikia uchungu. Na mtoto asiyetii huambiwa kuwa hasikii. Kwa hiyo mgonjwa asemapo "nasikia maumivu" na daktari ajibupo "nimekusikia", wote wawili wametumia kitenzi kimoja, ingawa alichokisikia wa kwanza kimo mwilini mwake na alichokisikia wa pili ni maneno tu. Makala haya yakusudia kueleza yale yatokeayo katika lugha baina ya kusikia huku kuwili, hasa pale ambapo ugonjwa ni wa siku nyingi, wenye kwenda na kurudi, na usiokaa mahali pamoja mwilini. Mfano wetu ni Ilembo, kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda katika Mkoa wa Katavi, kwa sababu hali ya lugha ya mahali hapo yalionyesha jambo hili waziwazi kuliko Dar es Salaam au Unguja.

Kitenzi hiki si jambo la Kiswahili peke yake. Kwigwa ya Kisukuma, kwumva ya Kirundi na kuwulira ya Kiganda, zote zakusanya kusikia kwa sikio na kusikia kwa mwili, na kwumva yaongeza tena maana ya kuelewa. Kiingereza, ambacho ndicho kifundishiwacho udaktari katika vyuo vyetu, kimeyatenga mambo haya kwa vitenzi visivyo na undugu wowote. Sitaki kujenga falsafa kubwa juu ya tofauti hii, maana wamekuwapo wataalamu waliosimamisha nyumba nzima juu ya kitenzi kimoja, na nyumba isidumu. Natosheka na neno dogo: mgonjwa wa Mpanda alalamikapo kuwa "daktari hakunisikia", hana maana kwamba daktari ni kiziwi, wala hana maana kwamba daktari hakumpa dawa. Maana yake ni kwamba kile alichokisikia yeye hakikuvuka kwenda upande wa pili.

Mpanda ni mji wa watu waliotoka sehemu nyingi. Wenyeji wake ni Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapo mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi, ikaleta wafanyakazi. Wafugaji wa Kisukuma wakafuata na ng'ombe wao. Na tangu mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi waliwekwa Katumba, kisha Mishamo, na wengi wao walipewa uraia wa Tanzania baadaye. Mkoa wenyewe wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Katika mji wa namna hii Kiswahili ni lugha ya soko, ya shule, ya msikiti na kanisa, na ya hospitali. Lakini kwa watu wazima wengi si lugha waliyolilia utotoni. Tena mganga mwenyewe, yaani yule wa serikali, mara nyingi ni mgeni wa mkoa, aliyetoka Kilimanjaro au Mbeya au Iringa. Basi watu wawili hukutana katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeipata kwa mama yake, na mmoja wao lazima aitumie kueleza jambo lililo gumu kupita yote kuelezwa.

Swali la kwanza la chumba cha daktari ni "Unaumwa nini?" Msomaji wa jarida hili hahitaji kuambiwa kwamba umwa ni hali ya kutendwa ya uma, wala kwamba katika "mguu waniuma" kiungo ndicho kitendacho na mtu ndiye atendwaye. Lakini yafaa kutazama swali hilo lataka jibu la namna gani. Lataka jina. "Naumwa kichwa." "Naumwa tumbo." Nafasi baada ya kitenzi ni nafasi ya nomino moja, na nomino hiyo yatakiwa kuwa ya kiungo. Mwenye malaria au mwenye jino bovu huijaza nafasi hiyo bila taabu. Mwenye ugonjwa ambao leo umo katika mapaja, jana ulikuwa kifuani, na mwezi uliopita ulimfanya ashindwe kunyanyua ndoo, hana nomino. Akiwa mkweli atajibu "mwili mzima", na hapo ndipo bahati yake huanza kuharibika. Kwa maana katika masikio ya wengi wafanyao kazi ya utabibu "mwili mzima" si jibu bali ni kukosa jibu. Huandikwa kuwa mgonjwa hana dalili maalumu. Swali "Unasumbuliwa na nini?" lasikika kuwa la upole zaidi, lakini sarufi yake ni ile ile: lataka mtenda mmoja.

Viungo navyo vina matatizo yake. Mguu wa Kiswahili waanzia nyongani na kuishia vidoleni. Kiuno ni mahali ambapo vitabu vya anatomia vingetaka majina matatu au manne. Na "moyo waniuma" mara nyingi ni habari ya chembe cha moyo, yaani tumboni juu, wala si ya moyo upigao. Mshipa waweza kuwa njia ya damu, waweza kuwa neva, waweza kuwa ukano, na waweza kuwa ngiri. Haya yafahamika na kila daktari aliyekaa mkoani miaka miwili, naye hujifunza kusema "nionyeshe kwa kidole". Kwa hiyo sitayakalia. Ugumu ulio mkubwa zaidi haumo katika majina. Umo katika nyakati za kitenzi, na huo hauonyesheki kwa kidole.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Ilembo, tuseme, ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na minne. Mtoto huyu tangu alipokuwa hajatembea huvimba vidole, hupata maumivu ya mifupa, hubadilika macho yakawa ya manjano, kisha hupona kwa majuma kadhaa na kurudi shule. Mama aingia chumbani na kusema, "Daktari, huyu anaumwaga miguu." Kiambishi tamati -ga, au -aga kama wengine wapendavyo kukiandika, kimeenea katika Kiswahili cha bara yote ya magharibi, na asili yake haifichiki: ni ile -ag- ya kuendelea na kuzoea iliyomo katika Kisukuma, Kinyamwezi, Kirundi na lugha nyingi nyingine za Kibantu. Walimu wa shule hukikata kwa wino mwekundu na kuweka hu- mahali pake. Lakini hu- na -ga si sawa. Hu- haibebi nafsi, haikai pamoja na wakati uliopita, wala haikanushiki kwa urahisi. Msemaji wa Mpanda aweza kusema "nilikuwaga naumwa", "siumwagi tena", "hanywagi dawa akiwa hajala". Na katika kila kauli amesema nafsi, ameonyesha mazoea, na ameweka wakati au ukanusho. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kurudi, hii ndiyo zana hasa aitakayo. Ni sarufi ya ugonjwa wa kudumu.

Sasa daktari aandika. Faili huandikwa kwa Kiingereza, kwa vifupisho, na "anaumwaga miguu" huwa maumivu ya miguu, kisha idadi ya siku. Hakuna uovu hapo. Ni mazoea ya kazi, na foleni nje ni ndefu. Lakini kile kiambishi cha silabi moja kilichokuwa kimebeba miaka kumi na minne kimeanguka njiani. Karatasi yasema kijana ameumwa miguu. Mama alisema kijana ni mwenye kuumwa miguu.

Linalofuata ni swali la "Tangu lini?" Nalo ni gumu zaidi kuliko lionekanavyo, kwa kuwa mwenye ugonjwa wa siku nyingi ana majibu mawili ya kweli. Akijibu "tangu juzi", amesema habari ya mkupuo huu wa sasa, na ugonjwa wake utahesabiwa kuwa mpya. Akijibu "tangu utotoni", amesema habari ya ugonjwa wote, na daktari aliyechoka atafikiri kwamba lililongoja miaka kumi na minne laweza kungoja hata kesho. Katika ugonjwa wa selimundu kungoja huko kwaweza kuua, kwa maana maumivu ya mifupa yaweza kuambatana na mapafu kuziba, au homa yenye vijidudu katika damu. Mtu aliyezoea kuugua hujifunza kwa uchungu lipi kati ya majibu hayo mawili hufungua mlango. Na akishajifunza, husema lile moja na kuficha la pili. Baadaye akibainika huitwa mwongo.

Kisha kuna urudufishaji. Kiswahili hurudufisha kitenzi kwa makusudi mawili yanayovutana. Kuchomachoma ni kuchoma mara kwa mara. Lakini kuumauma, kwa wasemaji wengi, ni kuuma kidogo, kuuma kusikofikia kuuma kwenyewe. Mgonjwa asemapo "kinaumauma" akikusudia kwamba maumivu yaja na kwenda usiku kucha, msikilizaji aweza kupokea kwamba ni maumivu mepesi. Kamusi zetu hazikulimaliza jambo hili. Daktari Felix Konotey-Ahulu wa Ghana, ambaye aliweza kuufuata ugonjwa wa selimundu katika ukoo wake mwenyewe hadi mwaka 1670, alionyesha kwamba makabila ya nchi yake yalikuwa na majina ya ugonjwa huo zamani sana: chwechweechwe kwa Waga, ahotutuo kwa wasemao Kitwi, na mengine ya jinsi hiyo. Mtu hana haja ya kujua Kiga ili asikie kilichomo katika jina hilo. Silabi zarudi kama maumivu yarudivyo.

Wazungu waliuandika ugonjwa huo kwa mara ya kwanza mwaka 1910, pale James Herrick wa Chicago alipoeleza habari za kijana kutoka Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno, ambaye damu yake ilikuwa na chembe zenye umbo la mundu. Jina likatoka hapo, nasi tumelitafsiri kwa ustadi: seli na mundu, selimundu. Ni istilahi njema, fupi, yenye kutamkika, na kila mkulima wa mpunga aijua mundu. Lakini angalia limetoka wapi. Chwechweechwe ni jina lililotoka kinywani mwa mgonjwa, na selimundu ni jina lililotoka katika hadubini. La kwanza lasema jinsi ugonjwa usikikavyo na la pili lasema jinsi uonekanavyo, tena na mtu mwingine. Watu wengi wa Mpanda husema sikoseli, neno ambalo kwao halina picha yoyote, na kwa sababu hiyo labda halimdhuru mtu.

Ukipitia majina ya maradhi katika Kiswahili utaona kila moja limechagua upande wake. Kisukari ni jina la mkojo. Baridi yabisi latokana na elimu ya kale ya Wayunani iliyopita kwa Waarabu, ambamo baridi na ukavu ni tabia za mwili, na yabisi si kitu ila ukavu. Safura nayo ilikuwa nyongo ya manjano kabla ya kuwa ugonjwa wa minyoo. Na kwa wafugaji wa Katavi kuna jina moja lenye mafunzo makubwa: ugonjwa wa kutupa mimba. Ndivyo uitwavyo ugonjwa wa brusela katika ng'ombe na mbuzi, na jina ni sahihi, kwa maana ng'ombe hutupa mimba. Lakini binadamu aupataye kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu hupata homa ipandayo na kushuka, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya mgongo na viungo yawezayo kudumu miezi mingi. Mwanamume wa Kisukuma mwenye maumivu ya kiuno hawezi kulifikia jina hilo kwa njia ya lugha, kwani yeye hana mimba ya kutupa. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba dalili za brusela zilipatikana katika damu ya ng'ombe, mbuzi, nyati na watu wa eneo la Katavi na Rukwa. Na huko Arusha na Manyara, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba wenye ugonjwa huu huchelewa sana kufika hospitali, na wengi hawatambuliwi siku ya kwanza.

Wanatambuliwa kuwa nini, basi? Mara nyingi, malaria. Hapa kuna hesabu zisizopingika. Uchunguzi wa Hugh Reyburn na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulifuata wagonjwa 4,474 waliolazwa katika hospitali kumi za kaskazini-mashariki ya Tanzania kwa malaria kali. Walioonekana na vimelea katika damu walikuwa 2,062, yaani asilimia 46. Uchunguzi mwingine, wa Moshi, uliotangazwa mwaka 2013, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 870 wenye homa, 528 waliambiwa wana malaria, lakini waliokuwa nayo kweli ni 14. Kipimo cha haraka kimepunguza kosa hili tangu kilipoenea. Lugha, hata hivyo, haikupungua mwendo wake. Homa katika Kiswahili si joto tu, ni hali ya mtu kutojisikia vizuri. Peter Winch na wenzake walieleza jambo hili kwa Bagamoyo mwaka 1996. Mgonjwa asemapo "nasikia homa", kipimajoto chaweza kukaa kimya bila yeye kuwa amekosea. Tena baada ya kipimo cha malaria kuonyesha hakuna kitu, mgonjwa huambiwa "huna ugonjwa". Kauli hii fupi, ambayo yamaanisha tu kwamba vimelea havikuonekana, hufika masikioni mwake kama hukumu: wewe si mgonjwa, kwa hiyo kile ukisikiacho hukisikii.

Adabu nayo yaongeza uzito. Salamu yetu haimruhusu mtu kuwa mgonjwa mara moja. "Hujambo?" jibu lake ni "sijambo", hata kama aliyejibu ameletwa kwa pikipiki akiwa ameshikiliwa ubavuni. "Habari za nyumbani?" "Nzuri", na baada ya nzuri ndipo huja ila, au lakini, au "isipokuwa tu". Anayeijua desturi husubiri ila. Asiyeijua, au asiye na nafasi, ameshika nzuri na kuendelea. Bibi wa miaka sabini akutanapo na daktari wa miaka ishirini na saba, na daktari asimwamkie "shikamoo", bibi hupunguza maneno. Sikio la mjukuu asiye na heshima si mahali pa kuweka habari za mwili. Daktari kijana akisema "Shikamoo bibi, pole sana", na kungoja "marahaba mwanangu", amepata katika sekunde tano kile ambacho kipimo hakitampa. Na kuna neno kidogo. "Naumwa kidogo." "Nimechoka kidogo." Kidogo hapa si kipimo, ni heshima, sawa na mtu aombaye "maji kidogo" akiwa na kiu ya kumaliza mtungi. Ukimwuliza mtu wa namna hii ayape maumivu yake namba kati ya 0 na 10, atasema tano, kwa sababu tano si ya kujidai.

Neno kujidai limekuja lenyewe, na halina budi kuelezwa. Kiambishi -ji- katika Kiswahili humrudishia mtu tendo lake: anajisikia vibaya, hajiwezi, anajikaza. Lakini kiambishi hicho hicho ndicho kitumikacho kumshtaki mtu kwa uongo: anajifanya, anajidai, anajilegeza, anajitia ugonjwa. Hata anajisikia peke yake, bila vibaya wala vizuri, katika maneno ya siku hizi ni mtu mwenye maringo. Mwenye ugonjwa usioonekana huishi baina ya -ji- hizi mbili. Hawezi kusema habari ya kusikia kwake bila kutumia ile ya kwanza, na ile ya pili yamngojea mlangoni. Kijana mwenye selimundu ambaye amekwisha kulazwa mara ishirini hujua jina la dawa ituliza maumivu yake na kiasi chake. Akiitaja, huonwa kuwa ameizoea dawa, si kuwa ameuzoea ugonjwa wake. Asipoitaja hupewa paracetamol. Mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aliliita jambo la namna hii dhuluma afanyiwayo mtu katika ujuzi wake, yaani ushuhuda wake kupunguziwa thamani kwa sababu ya yeye kuwa ni nani. Kwetu halikuhitaji kungoja falsafa: mwanamke, maskini, mtoto, na mtu wa -ga, hao husikiwa nusu.

Mtu aweza kuuliza kama haya si madogo mbele ya vipimo na dawa. Jibu limo katika dawa zenyewe. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wenye selimundu katika Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Mikupuo ya maumivu ilipungua kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa. Hesabu hiyo ni moja ya zilizobeba ushindi wa dawa hiyo. Lakini mikupuo ya maumivu haihesabiwi kwa hadubini. Ilihesabiwa kwa sababu watoto na mama zao walisema, na waliosemewa waliandika. Tanzania huhesabiwa miongoni mwa nchi tano zenye watoto wengi zaidi wazaliwao na ugonjwa huu, wakadiriwao kuwa 11,000 au zaidi kila mwaka. Kliniki ya Muhimbili iliwakusanya wagonjwa wake na kuwafuata tangu mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani, na upande wetu wa kaskazini-magharibi uchunguzi wa watoto wachanga uliofanywa kutoka Bugando ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja katika watano ana kirithi cha mundu, na zaidi kidogo ya mmoja katika mia ana ugonjwa wenyewe. Hao ndio watakaosema "naumwaga" kwa miaka yote watakayoishi.

Muda wa kusema ni mfupi kila mahali. Howard Beckman na Richard Frankel wa Marekani walipima mwaka 1984 na kukuta kwamba daktari humkata mgonjwa maneno baada ya sekunde 18 kwa wastani, na kwamba katika mazungumzo 74 mgonjwa aliachwa amalize maelezo yake ya mwanzo mara 17 tu. Sekunde 18 za Kiswahili chenye adabu hazijafika hata kwenye ila.

Upande wa familia nitaupitia kwa haraka, ingawa wastahili makala yake. Mgonjwa wa Mpanda haji peke yake. Huletwa, na aliyemleta husema kwa niaba yake. John Janzen alilieleza vizuri jambo hili kwa Kongo ya chini mwaka 1978. Palipo na mama asiyejua Kiswahili vema, binti yake mwanafunzi hufasiri, na binti hatafasiri habari za hedhi ya mama yake mbele ya daktari mwanamume. Hufasiri "tumbo".

Nini kifanywe na watu wa lugha? Ronald Melzack wa Montreal alitoa mwaka 1975 orodha ya maneno 78 ya maumivu, yaliyopangwa katika makundi 20, ili mgonjwa achague lisemalo hali yake. Ilikuwa kazi ya kamusi iliyofanywa na mtu wa tiba. Kuitafsiri neno kwa neno hakufai, kwa maana makundi ni ya Kiingereza. Kiswahili kina makundi yake: kuna maumivu ya ukali na makali yake, kama kukata, kuchoma, kudunga, kuna ya kamba, kama kuvuta, kusokota, kunyonga, kuna ya mdundo, kama kugonga, kupwita, na kuwanga, ambalo Johnson alilipokea katika kamusi yake ya mwaka 1939 na ambalo vijana wengi sasa walijua kwa maana ya uchawi peke yake, kuna ya kupotea, kama kufa ganzi na kunyong'onyea. Taasisi yetu ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, nayo ni kazi ya kusifiwa, lakini ni kamusi ya daktari: yaanza na istilahi ya Kiingereza na kuitafutia ya Kiswahili. Ile ya mgonjwa, ianzayo na kauli ya kinywani na kuuliza mwili unasema nini, haijaandikwa.

Hata kabla ya kamusi, faili laweza kuwa na mstari mmoja wa Kiswahili, wa maneno yale yale aliyoyasema mgonjwa, bila kusahihishwa. Mgonjwa wa Ilembo apelekwapo Mbeya au Mwanza huchukua barua ya Kiingereza asiyoweza kuisoma, na daktari wa huko humwuliza upya "Unaumwa nini?" Mstari huo ungemwonyesha kwamba swali limekwisha kuulizwa na kujibiwa. Na swali lenyewe laweza kubadilika kwa gharama ndogo: "Unasikiaje?" halina nafasi ya nomino baada yake, kwa hiyo halimfungi mtu kutaja kiungo. Mwuguzi hulitumia mara nyingi zaidi ya daktari, jambo lisilostaajabisha kwa mwenye kukumbuka kwamba uguza ni mnyambuliko wa ugua, na kwamba ugua katika Kiswahili cha zamani ni kuwa mgonjwa na pia ni kutoa sauti ya kuumia. Kwa Mpanda, mkusanyaji wa maneno angeanza na -ga na kidogo, akiwauliza kwanza wasemao Kisukuma na Kirundi nyumbani, maana mambo hayo mawili ndiyo yapoteayo kwa urahisi zaidi kati ya kinywa na karatasi.